Nani Alistahili Kuliliwa: Melodrama za Filamu Bubu Marekani, 1903–1929

Katika filamu bubu hakuna anayejitetea kwa maneno. Kibao cha maandishi kinapita kwa sekunde chache, kisha unabaki uso, inabaki mikono, inabaki namna mtu anavyoanguka kitini au anavyomkumbatia mtoto kwa mara ya mwisho. Melodrama ilinawiri humo kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake tangu ilipokuwa mchezo wa jukwaani: kumtia asiye na hatia mikononi mwa mwonevu, kumtesa mbele ya watu, halafu kuufichua ukweli kwa alama ambayo ukumbi mzima utaiona, iwe barua, kidani au kovu. Mtazamaji anayelia huwa ameshatoa hukumu.

Kwa hiyo habari ya nani alionekana katika filamu hizo haimaliziki kwa kuhesabu sura. Watu Weusi, Wachina, Wajapani na Wamarekani wa Asili walikuwamo katika sinema za Marekani tangu siku za mwanzo. Jambo zito ni mahali walipowekwa ndani ya hadithi. Nani alipewa nafasi ya kuonewa na kuhurumiwa, na nani alizaliwa mwonevu? Nani alikufa ili wengine waoane salama? Kwa zaidi ya miaka ishirini mambo hayo yalipiganiwa kwa kamera, kwa mikasi ya wadhibiti na kwa maandamano mbele ya kumbi, na waliopigana kwa ustadi mkubwa zaidi ni watu ambao kazi zao zilikaribia kupotea kabisa.

Masizi usoni, 1903–1914

Hadithi iliyowazoeza Wamarekani kumlilia Mweusi ukumbini ni Uncle Tom's Cabin, riwaya ya Harriet Beecher Stowe iliyotoka kama kitabu mwaka 1852 na kupandishwa jukwaani mwaka huohuo. Vikundi vya maigizo viliizungusha mijini na vijijini kwa zaidi ya nusu karne. Eliza anavuka mto wa barafu na mwanawe kifuani, Eva mdogo anakufa kitandani, Tom anachapwa hadi kufa. Watu waliyajua matukio hayo kwa moyo, ndiyo maana Edwin S. Porter alipoitengeneza filamu fupi kwa kampuni ya Edison mwaka 1903 hakuhitaji kueleza mengi. Alipanga picha, watazamaji wakajazia wenyewe. Lakini Tom na wenzake waliigizwa na Wazungu waliojipaka masizi. Machozi yalimwagika kwa ajili ya Mweusi, na mwili uliosimama mbele ya kamera haukuwa wake.

Mwaka 1914 toleo jingine lilimpa nafasi ya Tom mwigizaji mkongwe Sam Lucas, ambaye tayari alikuwa ameicheza nafasi hiyo jukwaani mwaka 1878. Anahesabiwa kuwa Mweusi wa kwanza kushika nafasi kuu katika filamu ndefu ya Marekani. Alifariki mapema mwaka 1916, na waliomzunguka katika filamu ile, baadhi ya wahusika Weusi, bado walikuwa Wazungu waliopakwa rangi.

Kwa Wamarekani wa Asili miaka hiyo ilikuwa na mwanga kidogo zaidi, na ukazimika upesi. Lillian St. Cyr, binti wa watu wa Ho-Chunk kutoka Nebraska aliyejulikana kwenye skrini kama Red Wing, na mumewe James Young Deer, walitengeneza filamu nyingi fupi, na Young Deer aliongoza kazi za kampuni ya Pathé nchini Marekani. Katika White Fawn's Devotion ya mwaka 1910, Mzungu aliyeoa mwanamke wa Asili anapata habari za urithi na anataka kusafiri. Mkewe, akihofia kwamba hatarudi, anajichoma kisu. Binti yao anadhani baba ameua, watu wa kabila wanamfukuza na kumkamata, wanakaribia kumwua. Hapo mke anatokea akiwa hai na kumwokoa, na familia inabaki pamoja.

Linganisha na The Squaw Man ya mwaka 1914, miongoni mwa filamu ndefu za mwanzo kabisa kupigwa Hollywood, iliyoongozwa na Cecil B. DeMille na Oscar Apfel. Red Wing yumo pia, kama Nat-u-Ritch, mke wa Mwingereza aliyekimbilia Wyoming. Mtoto wao anatakiwa apelekwe Uingereza akalelewe kama mrithi wa ukoo, polisi nao wanamsaka mama kwa mauaji aliyoyafanya akimwokoa mumewe. Anajiua. Muda wa miaka minne tu ulitosha kugeuza hadithi ya mke anayeokoka na kukaa na mwanawe kuwa hadithi ya mama anayeondoka duniani ili mambo ya Wazungu yakae sawa. Mtindo huo ulikuwa na maisha marefu mbele yake.

1915: mwaka wa filamu mbili

Tarehe 8 Februari 1915, mjini Los Angeles, D. W. Griffith alionyesha filamu ya karibu saa tatu iliyotokana na kitabu cha Thomas Dixon, The Clansman. Muda mfupi baadaye ikaitwa The Birth of a Nation. Siku kumi baada ya hapo ilionyeshwa Ikulu ya Marekani, mbele ya Rais Woodrow Wilson.

Griffith alikuwa fundi, na ufundi wake ndio uliofanya madhara. Gus, Mweusi aliyeigizwa na Walter Long, Mzungu aliyepakwa rangi, anamfuata msichana Flora msituni hadi juu ya jabali. Flora anajitupa. Baadaye Elsie, aliyeigizwa na Lillian Gish, anafungiwa chumbani na chotara mwenye uchu wa kumwoa kwa nguvu, na Griffith anakata picha kutoka chumbani kwenda kwa wapanda farasi wa Ku Klux Klan wanaokuja mbio, kisha anarudi chumbani, kisha kwa farasi tena. Moyo wa mtazamaji unavutwa huku na huku mpaka anatamani wauaji wafike upesi. Kila kifaa cha melodrama kimo: bikira asiye na hatia, mwovu, mlango unaobomolewa, uokoaji wa dakika ya mwisho. Uongo wa kihistoria unaweza kujibiwa kwa kitabu. Uongo uliomfanya mtu alie ni mgumu zaidi kuung'oa.

NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi kilichoanzishwa mwaka 1909, kiliendesha kampeni mji baada ya mji kutaka filamu ipigwe marufuku au ikatwe. Mjini Boston, mwezi wa Aprili, mhariri wa gazeti William Monroe Trotter aliongoza watu hadi kwenye ukumbi na akakamatwa. Sehemu chache zilizuia filamu, nyingi hazikuzuia. Mwezi wa Novemba William J. Simmons aliifufua Klan juu ya Stone Mountain, Georgia, siku chache kabla filamu haijafunguliwa Atlanta, na kwa miaka iliyofuata kundi hilo liliitumia kutafuta wanachama.

Filamu ya pili ilitoka Desemba, ni fupi zaidi na huzungumziwa kidogo zaidi, ingawa kwa mada hii ina uzito uleule. Katika The Cheat ya DeMille, Edith Hardy, mke wa tabaka la juu aliyezoea anasa, anatapanya dola 10,000 za Msalaba Mwekundu katika uwekezaji ulioanguka. Tori, mfanyabiashara tajiri wa Kijapani, anakubali kumpa fedha hizo kwa sharti ambalo wote wawili wanalielewa. Mume anapopata faida, Edith anarudi na hundi. Tori anakataa kulipwa, anamkamata na kumbandika begani chapa ya moto, ileile anayopigia mali zake zote. Edith anampiga risasi, mume anabeba lawama, kesi inaunguruma, na mwishowe mwanamke anajifunua bega mbele ya mahakama. Ukumbi wa mahakama unalipuka, na umati unataka kumrarua Tori.

Tori aliigizwa na Sessue Hayakawa, na hapa ndipo mambo yanakuwa na utata unaostahili kutazamwa kwa karibu. Wenzake waliigiza kwa namna ya jukwaani, mikono juu, macho nje. Hayakawa alitulia. Katika chumba chenye giza, mwanga ukimpiga upande mmoja wa uso, anainua macho tu. Hadithi ilimtaka awe hayawani aliyevaa suti, lakini utulivu wake ulimfanya mtu mwenye mawazo, mwenye tamaa na uchungu wa kudharauliwa, na wanawake wa Marekani walimiminika kumtazama. Wajapani wa Los Angeles walikasirika, na gazeti lao Rafu Shimpo lilipinga filamu hiyo kwa kuichafua sura yao wakati ambapo sheria za California zilikuwa zinawabana katika umiliki wa ardhi. Wote wawili walikuwa na haki: mwigizaji aliyekataa kuwa kikaragosi, na jamii iliyojua kwamba umati wa mahakamani katika filamu unaweza kutokea barabarani. Filamu iliporudishwa sokoni mwaka 1918, Japani ikiwa mshirika wa Marekani katika vita, vibao vya maandishi vilibadilishwa na Tori akageuzwa Mburma mwenye jina jingine. Uso ulibaki uleule. Watengenezaji waliona yatosha kumhamishia ubaya mtu ambaye hakuwa na balozi wa kumtetea.

Kampuni za wenyewe, 1916–1918

Majibu hayakuishia kwenye maandamano. Mwaka 1916 ndugu wawili Weusi, mwigizaji Noble Johnson na mdogo wake George, karani wa posta mjini Omaha, walianzisha Lincoln Motion Picture Company pamoja na wenzao. Filamu yao ya kwanza, The Realization of a Negro's Ambition, ilimhusu James Burton, kijana aliyehitimu chuo cha Tuskegee na kuondoka shambani kwenda kutafuta kazi katika visima vya mafuta California. Ananyimwa kazi kwa rangi yake, anamwokoa binti wa mwenye kampuni kwenye gari la farasi lililokwenda mbio bila kudhibitiwa, anapata nafasi, na hatimaye anagundua mafuta kwenye ardhi ya baba yake. Ni hadithi nyepesi, lakini fikiria mtazamaji Mweusi wa mwaka 1916 akikaa ukumbini na kumwona mtu wa rangi yake akimwokoa binti aliye hatarini, mwaka mmoja tu baada ya Gus.

Noble alilazimika kujitoa mwaka 1918 kwa shinikizo la Universal, kampuni kubwa aliyokuwa akiifanyia kazi, ambayo haikutaka ashindane nayo. George aliendelea kuandika barua akitafuta hadithi na fedha.

Upande wa Oakland, California, msichana Marion Wong alianzisha Mandarin Film Company na mwaka huohuo wa 1916 akaandika, akaongoza na akacheza katika The Curse of Quon Gwon. Mhusika mkuu, bibi harusi anayeteseka nyumbani kwa wakwe, aliigizwa na Violet Wong, wifi yake Marion. Mavazi, samani, taratibu za ndoa, vyote ni vya nyumba ya Wachina wenyewe, na mwovu pia ni Mchina, mwanamke mwenye wivu aliyechezwa na Marion mwenyewe. Hilo la mwisho nalithamini sana. Jamii ikisimulia yenyewe inapata wema na wabaya, na hakuna mmoja anayebebeshwa kabila zima. Marion hakupata msambazaji. Fedha za ukoo zikazama, filamu ikawekwa kabatini.

Hayakawa alikuwa na jina, kwa hiyo alikuwa na nguvu zaidi. Mwaka 1918 alianzisha Haworth Pictures, na mwaka uliofuata akatoa The Dragon Painter, akiigiza na mkewe Tsuru Aoki. Ni hadithi ya mchoraji mwenye wazimu wa mapenzi anayepata mke na kupoteza kipaji. Hakuna Mzungu hata mmoja anayehitajika ndani yake. Kampuni ilidumu miaka michache, na mwaka 1922 Hayakawa aliondoka Hollywood.

Chicago, 1919–1920

Mwaka 1919 Griffith alitoa Broken Blossoms, na wengi waliiona kama toba. Mchina mpole, Mbudha, anaishi Limehouse, London, na anampa hifadhi Lucy, msichana anayepigwa na baba yake mlevi. Lillian Gish anajifungia kabatini akizunguka kama mnyama aliyenaswa huku baba akivunja mlango kwa shoka, na hofu ile bado inatisha baada ya miaka zaidi ya mia. Filamu inalaani ukatili wa Wazungu waziwazi. Lakini Mchina ameigizwa na Richard Barthelmess, Mmarekani Mzungu aliyekunja mgongo na kufinya macho. Mapenzi yake yanaruhusiwa kwa kuwa hayagusi. Mwishowe anamwua baba, anambeba maiti wa Lucy, na kujichoma kisu. Alihurumiwa, ndiyo, kwa sharti la kutokuwepo.

Jibu lenye nguvu lilitoka kwa mtu asiye na studio. Oscar Micheaux alizaliwa Illinois mwaka 1884, akafanya kazi kwenye mabehewa ya kulala ya Pullman, akachukua ardhi ya kulima Dakota Kusini, akaandika riwaya na kuziuza nyumba kwa nyumba, hata kwa majirani zake Wazungu. George Johnson alimwandikia akitaka kuifanya The Homesteader filamu. Micheaux alitaka kuiongoza mwenyewe, wakashindwana. Basi akaenda Sioux City, Iowa, akawauzia hisa wakulima, akaanzisha Micheaux Film and Book Company, na Februari 1919 akaionyesha filamu yake Chicago. Mwigizaji aliyemtegemea alikuwa Evelyn Preer, aliyezaliwa Vicksburg, Mississippi.

Julai mwaka huo Chicago iliwaka. Kijana Mweusi, Eugene Williams, alikufa maji katika Ziwa Michigan baada ya kurushiwa mawe kwa kuvuka mpaka uliotenga waogeleaji. Watu 38 waliuawa katika siku zilizofuata, 23 Weusi na 15 Wazungu. Miezi sita haikuwa imetimia Micheaux alipofungua Within Our Gates katika mji uleule, Januari 1920.

Sylvia Landry, mwalimu aliyeigizwa na Preer, anatoka Kusini kwenda Boston kutafuta dola 5,000 za kuiokoa shule ya watoto Weusi. Hadithi inapindapinda, ina tapeli, mchungaji anayewauza waumini wake kwa kuwachekea Wazungu, na bibi tajiri wa Kusini anayeona Weusi hawahitaji elimu. Kisha, karibu na mwisho, filamu inarudi nyuma kueleza maisha ya Sylvia, na hapo hakuna tena mzaha. Mlezi wake, Jasper Landry, ni mkulima wa mkataba. Binti amejifunza hesabu, na mzee anakwenda kwa mwenye shamba, Gridlestone, na daftari sahihi la deni lake. Wanabishana, na Mzungu fukara mwenye kinyongo anampiga risasi Gridlestone kupitia dirishani. Mtumishi Efrem, aliyezoea kubeba umbea ili apendwe, anakimbia kusema kwamba muuaji ni Landry. Umati unakusanyika. Walipomkosa Landry upesi, walimwua Efrem mwenyewe.

Kisha Micheaux anafanya alichofanya Griffith, na anakigeuza. Huku, umati wa wanaume, wanawake na watoto wa Kizungu unawavuta Jasper na mkewe kwenye kitanzi na kuwasha moto. Kule, nyumbani, Armand, ndugu yake Gridlestone, amemkuta Sylvia peke yake. Picha inakatwa kutoka kwa kamba kwenda chumbani, kutoka chumbani kwenda kwenye moto. Sylvia anapambana, meza inasimama kati yao, nguo inararuka, na kifuani panaonekana kovu. Armand anarudi nyuma. Kovu lile analijua: huyu ni binti yake wa kumzaa, kwa mwanamke Mweusi aliyewahi kumwoa. Hakuna farasi wanaokuja kuokoa. Kinachomzuia mbakaji ni kujua tu kwamba amekaribia kuitenda dhambi hiyo kwa damu yake mwenyewe.

Weka kovu hilo karibu na bega la Edith Hardy. Katika The Cheat, chapa inathibitisha kwamba mgeni ni mwovu na Mzungu ni mhanga, na mahakama inaamini papo hapo. Katika Within Our Gates, kovu linathibitisha jambo ambalo Kusini nzima ililijua na kulikana, kwamba wanaume wa Kizungu walizaa na wanawake Weusi huku wakiwaua wanaume Weusi kwa kuwazushia tamaa. Kwa maoni yangu hakuna tukio la filamu bubu lililojibu The Birth of a Nation kwa ukamilifu kama hilo, kwa sababu linajibu kwa lugha yake yenyewe, kwa mbio zilezile za picha na mwili uleule wa mwanamke anayefukuzwa.

Wadhibiti wa Chicago waliikataa mwanzoni, na baadhi ya viongozi, Weupe kwa Weusi, walihofia ghasia mpya. Ilipopita, ilikatwakatwa kwa namna tofauti mji hadi mji. Micheaux mwenyewe alizunguka na mikanda yake, akiwaonyesha wenye kumbi picha za waigizaji na kuomba malipo ya awali ya filamu ambayo bado hajaipiga. Nakala zilikuwa chache, zikapita kwenye projekta hadi zikachakaa.

Bahari ya Lotus Flower, 1922–1929

Anna May Wong alizaliwa Los Angeles mwaka 1905, binti wa mwenye duka la dobi. Akiwa na miaka 17 alipewa nafasi kuu ya The Toll of the Sea, filamu iliyosambazwa na Metro na iliyotumia mbinu mpya ya rangi mbili ya Technicolor, nyekundu na kijani. Hadithi iliandikwa na Frances Marion kwa kufuata mkondo wa Madame Butterfly, ila imehamishiwa China. Lotus Flower anamwokoa Mmarekani aliyesombwa na mawimbi, anaishi naye kama mke, anaachwa na mimba. Mwanamume anarudi miaka kadhaa baadaye na mke wa Kimarekani. Lotus Flower anaamua kumwachia mtoto. Anamwambia mwanawe kwamba yule bibi ndiye mama yake halisi, na kwamba yeye alikuwa yaya wake wa Kichina tu.

Wong anaicheza sekunde hiyo bila kupaza mwili. Midomo inajaribu kutabasamu kwa ajili ya mtoto, machozi yanashuka yenyewe. Wachambuzi wa wakati huo walimsifu kwa kauli moja, na walikuwa sahihi. Kisha anaingia baharini kujiua, kama Nat-u-Ritch alivyojiua kabla yake. Mchina halisi, uso halisi, kipaji ambacho Hollywood ilikiona, na mwisho uleule uliokuwa umeshaandikwa.

Sababu yake haikuwa siri. Sheria ya California ilikataza ndoa kati ya Wazungu na watu wa asili ya Asia hadi mwaka 1948, na mwaka 1927 chama cha wenye studio kilitoa orodha ya mambo yasiyofaa kuonyeshwa, mapenzi kati ya Weupe na Weusi yakiwemo. Shujaa wa mapenzi katika filamu kubwa alikuwa Mzungu. Mwanamke asiyeweza kuolewa naye hakuweza kuwa na mwisho mwema. Nafasi kuu za Kiasia wakapewa Wazungu waliobandikwa kope, na Wong akabaki na nafasi za mjakazi na jasusi. Mwaka 1928 alikwenda Ulaya. Katika Piccadilly, iliyotoka mwaka 1929 London, anacheza Shosho, mwosha vyombo anayegeuka nyota wa klabu ya usiku. Anatawala kila picha aliyomo, anajadiliana mshahara akijua thamani yake, na bado anauawa kabla ya mwisho.

Kovu jingine, 1925–1929

Kwa Weusi, nusu ya pili ya muongo huo ilileta jambo jipya: melodrama iliyoacha kumjibu Mzungu na kuanza kuhojiana na jamii yake yenyewe. Mwaka 1925 Micheaux alimpa Paul Robeson filamu yake ya kwanza, Body and Soul, katika nafasi mbili, mmoja mchungaji tapeli na mwizi, mwingine ndugu yake mwadilifu. Martha Jane, mama mcha Mungu, amemwamini mchungaji kuliko anavyomwamini binti yake mwenyewe, na imani hiyo inamwangamiza binti. Wadhibiti wa New York waliikataa, na Micheaux akaikata na kuibandikia mwisho unaosema yote yalikuwa ndoto. Aliye makini hadanganywi na ndoto hiyo.

Mwishoni mwa muongo kampuni ya Colored Players ya Philadelphia, iliyounganisha fedha za Wazungu na waigizaji Weusi, ilitoa The Scar of Shame. Alvin, mpiga piano wa tabaka la heshima, anamwoa Louise ili kumwokoa na baba wa kambo anayempiga. Anamwoa lakini anaificha ndoa hiyo kwa mama yake. Louise anamwomba amsindikize kwenda kumwona mkwe, naye anakiri kwamba mama hatamkubali mtu ambaye si wa tabaka lao. Bunduki zinafyatuka, Louise anajeruhiwa shingoni, na tangu siku hiyo anafunga kitambaa kulificha kovu. Alvin anafungwa, anatoroka, anapata mchumba anayefaa machoni pa watu. Louise anakunywa sumu. Tangu The Cheat, hili ni kovu la tatu, na hakuna Mzungu aliyelitia. Filamu haina ujasiri wa kumwacha Louise aishi, nami naihesabu hiyo kuwa dosari yake kubwa, lakini ilikuwa imethubutu kuweka mbele ya watazamaji Weusi aibu waliyokuwa wakifanyiana.

Wakati huohuo Universal ilitumia karibu dola milioni 2 kuitengeneza upya Uncle Tom's Cabin, iliyotoka mwaka 1927. James B. Lowe, mwigizaji Mweusi, alimcheza Tom kwa heshima kubwa, na kampuni ilimpeleka hadi Uingereza kuitangaza filamu. Eliza alichezwa na Mzungu, mke wa mwongozaji. Topsy alikuwa Mzungu aliyepakwa masizi.

Kisha sauti ikaingia. Vifaa vyake vilikuwa ghali, na kampuni nyingi ndogo zilikufa. Lincoln ilikuwa imeshafunga mapema miaka ya 1920, Micheaux alifilisika mwaka 1928, akainuka, akatoa The Exile yenye sauti mwaka 1931. Preer alifariki kwa nimonia mwaka 1932. Wong alirudi Hollywood, na The Good Earth ilipotoka mwaka 1937, nafasi ya mkulima mwanamke wa Kichina alipewa Luise Rainer, Mzungu, aliyeshinda Oscar kwayo.

Makopo yaliyopatikana

Utafiti uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulikadiria kwamba kati ya filamu ndefu bubu karibu 11,000 zilizotengenezwa nchini humo, ni asilimia 14 tu zilizobaki kamili katika umbo lake la awali. Kwa filamu za Weusi hali ni mbaya zaidi. Micheaux alitengeneza filamu zaidi ya 40 katika maisha yake, na za kimya zilizobaki ni tatu.

Within Our Gates ilidhaniwa imepotea hadi nakala moja ilipotambuliwa katika hifadhi ya filamu ya Hispania, ikiwa na jina La Negra. Karibu vibao vyote vilikuwa vya Kihispania. Waliokirejesha Kiingereza walilazimika kusoma riwaya za Micheaux ili kuikisia lugha yake, na nakala iliyosafishwa ikatolewa mwaka 1993. Filamu yake ya mwaka 1920 dhidi ya Klan, The Symbol of the Unconquered, ilipatikana Ubelgiji. The Dragon Painter ilipatikana Ufaransa. The Toll of the Sea ilikosa mwisho wake, na katika mwaka 1985 warejeshaji walikwenda ufukweni na kamera ya zamani ya Technicolor kupiga upya mawimbi. Mikanda ya Marion Wong ilikuwa imekaa na familia, na mwaka 2006 The Curse of Quon Gwon iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa.

George Johnson, karani wa posta, hakutupa barua wala kipande cha gazeti. Mkusanyiko wake upo Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na bila huo tusingejua hata hadithi za filamu nyingi za Weusi za wakati ule. By Right of Birth, filamu ya mwisho ya Lincoln, imebaki dakika chache tu. The Homesteader haijapatikana, na kwa kuwa filamu za Micheaux zimewahi kuibuka Madrid na Brussels, hakuna sababu ya kuacha kuitafuta.